Jibu kwa Kadi ya Nne

Bwana Orito,
kadi yako imefika. Unauliza tena
kama pikipiki ndiyo ile uliyoniahidi.
Leo nakujibu, maana mvua imefunga barabara ya juu
na machenza yaliyobaki mitini yanaweza kusubiri.

Kuhusu mwendo hukunidanganya.
Mwenda pole hajikwai, ndiyo, lakini hupitwa:
kwenye kilima cha shule basi la wanafunzi lilinipita,
na watoto wakanipungia mkono kwenye kioo cha nyuma
kama wanaotoka kumwona mgonjwa.
Gia ya nne ikanuna, ya tatu ikanung'unika,
nikarudi ya pili, tukapanda hivyo hivyo,
du, du, du,
silinda moja, kama mtu anayetwanga mochi peke yake:
hana wa kupokezana naye mchi,
na mochi inalainika.

Mtetemo hukuutaja.
Nikigusa tisini vioo vinapagawa,
naona nyuma yangu barabara mbili, zote zimekorogeka.
Nafika nyumbani viganja vinawasha,
nikishika kijiko cha supu kinanigonga meno.
Mpwa wangu Reiji, mwenye lile dude la silinda nne,
aliiazima Jumapili, akarudi baada ya dakika kumi na mbili.
"Shangazi, hii inakwenda au inasimulia?"
Yote mawili, nikamwambia,
ndiyo maana inachelewa.

Sasa kiki.
Uliniandikia hatua sita kwa kalamu ya risasi.
Nimezibandika ghalani, juu ya magunia ya mbolea:
bonyeza kijiti, sukuma taratibu,
chungulia kidirishani mpaka alama nyeupe itokee,
na kadhalika, mwandiko wako kama miiba ya samaki.
Mwezi wa kwanza, mbele ya duka la ushirika,
nilikanyaga mara kumi na tisa.
Wanaume wawili wakaja kunisaidia.
Wa kwanza alirudishiwa teke la ugoko.
Wa pili alikumbuka ana miadi.
Sikucheka.
Nilicheka nyumbani, mlango umefungwa.

Kuna hatua ya saba, Bwana Orito,
na wewe huijui kwa sababu una miguu mirefu:
usiikanyage.
Simama juu yake wima, pumua,
kisha uache mwili ushuke kama unayeketi kwenye kiti chako mwenyewe.
Kilo arobaini na saba zinatosha.
Inaamka mara ya kwanza, siku nyingi,
isipokuwa kukiwa na ukungu, au Reiji akitazama.

Nilipoiosha jana niliona kitu.
Ubavu wa kushoto wa tangi rangi imelika,
duara la goti, miaka thelathini ya goti moja.
Wa kulia unang'aa kama wa dukani.
Basi hilo la kulia lilikuwa linakaa mbali
tangu zamani, kabla hujaniambia limechoka.
Na ule mkanda wa kiti cha nyuma,
nilioufikiria kuubadilisha,
una alama nne ndogo upande mmoja, kama mwezi mwandamo,
za kucha za mtu aliyeogopa kona
na akaendelea kupanda.
Sikuulizi.
Mkanda nimeuacha.

Najua kwamba Alhamisi hukaa dirishani nikipita.
Kadi ya pili ilisema vali inagonga, ukweli iligonga.
Ya tatu ilisema cheni imelegea,
ukaisikia kutoka ghorofa ya pili, dirisha limefungwa!
Alhamisi hii mvua ikikata
sitapita. Nitazima injini mlangoni kwako.
Njia ya pwani haina vilima, nusu saa kwenda,
kurudi hatuhesabu.
Kofia ya pili ninayo, ya Reiji, inanuka manukato, vumilia.
Goti lako lisihofu kitu:
kiki nitapiga mimi.

Hamasaki Chizuko

Tanbihi.
Inavuja oili, tone moja kila usiku.
Nimeitegea kibati cha dagaa.
Hili nalo ulilisahau,
au ndiyo sababu ulinipunguzia bei?